Eliya Alilala Kwanza

Somo: 1 Wafalme 19:1-8, 1 Wakorintho 10:25-29



Eliya ametoka Karmeli. Moto umeshuka, mvua imenyesha. Halafu Yezebeli anatuma mjumbe na neno moja la vitisho, na mtu wa Mungu anakimbia mpaka Beersheba, anaingia jangwani peke yake, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Sasa soma polepole uone Mungu alifanya nini. Hakumkemea. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji, Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, tena na chakula. Kuulizwa maswali kulikuja baadaye kule Horebu, baada ya safari ya siku 40.

Nimeanza hapo kwa sababu kuna swali limenifikia mara tatu mwezi huu, na mara moja lilikuja kama mashtaka: dada mmoja wetu huenda Nairobi kudungwa sindano za Kichina kwa ajili ya stresi. Je, huo si uganga? Amenipa ruhusa niandike bila jina. Wanaomsema wanajijua, na hao ndio ningependa wasome mpaka mwisho.

Dada huyo ana majani chai na ana madeni. Hapa Kiriaini hilo halihitaji kuelezwa. Bonasi ikishuka, karo haishuki, na Fuliza inakata pesa kabla hujazishika. Anaamka saa nane usiku moyo ukienda mbio, kifua kimebana. Hospitali wamempima, moyo hauna shida. Huo ni wasiwasi, na wasiwasi ukifika hapo ni ugonjwa kama presha. Una matibabu. Si alama ya kwamba mtu amerudi nyuma.

Tiba yenyewe, wanaiita akupancha, imetumika China kwa zaidi ya miaka 2,000. Sindano ni nyembamba karibu kama unywele, haina dawa ndani, na mtu hulala nazo kama nusu saa hivi. (Mimi naogopa hata ile ya pepopunda, kwa hivyo msiniulize kama nimejaribu.) Wachina wa kale walisema kuna nguvu inayopita mwilini kwa njia zake, na ikiziba mtu anaugua. Mafundisho hayo siyapokei. Lakini leo wako madaktari wanaodunga sindano hizo hizo wakizungumzia mishipa ya fahamu na misuli, basi.

Inasaidia? Watafiti wamepima, na wako wagonjwa wa wasiwasi wanaopata nafuu. Ila mara nyingi wakidungwa kwa kuigiza, mahali pasipo pake, nafuu inakaribia kuwa ile ile. Mimi hilo limenifundisha kitu. Huenda sehemu kubwa ya dawa ni ile nusu saa: mtu amelala, simu imezimwa, na mwingine amemgusa kwa upole akamwuliza, unalala vizuri?

Kuhusu dhamiri, Paulo aliulizwa jambo la namna hii, tofauti tu lilikuwa la nyama. Alisema kinachouzwa bucha ule, usianze upelelezi. Lakini mtu akikuambia nyama hii imetolewa kwa sanamu, iache. Kwa hivyo dada akilala kitandani, adungwe, alipe, aende nyumbani, amekula nyama ya bucha. Siku mtoa tiba atakapomwambia arudie maneno fulani, achome ubani, au avae hirizi, achukue mkoba wake ashike matatu ya kurudi. Na wewe ambaye dhamiri yako inakataa, usilazimishwe. Lakini pia usiufanye woga wako kuwa sheria ya mwenzako.

Nilisomea biashara, kwa hivyo lazima nifungue daftari. Uliza kama ana leseni. Sindano ifunguliwe kwenye pakiti mbele yako na itupwe baada yako, maana sindano chafu inaweza kukuletea homa ya ini. Ukiwa na mimba au unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, sema mapema. Tembe ulizopewa hospitali usiziache. Halafu piga hesabu: nauli ya Nairobi kwenda na kurudi kila wiki, pamoja na ada, ikiongeza lile deni linalokunyima usingizi, hapo unanunua ugonjwa na dawa kwa pesa moja. Anza karibu. Zungumza na daktari hapa Kiriaini Mission, au uombe akuandikie barua uende hospitali ya rufaa Nyeri.

Na usikome kuomba. Hezekia aliomba akilia, Mungu akamjibu, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Wote wawili walikuwa na imani.

Mchungaji amekubali jambo moja. Kuanzia Alhamisi hii, saa nane hadi saa kumi, chumba cha Sunday School kitakuwa wazi kwa yeyote aliyechoka. Hakutakuwa na spika wala sadaka. Mama wa ushirika wawili watakuwepo na uji, na mimi nitakuwa ofisini kwa mwenye jambo la madeni, aje na karatasi zake. Magodoro yapo. Ukimkuta mtu amelala, usimwamshe.