Hatudai Moyo Wake

Jioni moja hapa Makumira, tukitoka kwenye mazoezi ya kwaya, tulibishana kuhusu Maria Callas, mwimbaji wa opera. Hakuna aliyetaja pumzi yake wala mazoezi yake. Tulimjadili Onassis, tajiri aliyekuwa mpenzi wake, ambaye mwaka 1968 alimwoa Jacqueline Kennedy. "Ndiyo maana aliimba kwa uchungu," mwenzangu akasema. Lakini Callas alikuwa amevuma miaka mingi kabla ya kuachwa.

Nikamkumbuka Siti binti Saad, muuza vyungu wa Fumba, Unguja, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili. Naye tunamuuliza yale yale: aliolewa na nani, alimpenda nani? Kana kwamba mwanamke haimbi vizuri mpaka mwanamume amvunje moyo.

Mtasema Siti mwenyewe aliimba mambo ya watu. Kweli. Katika "Kijiti" alisimulia mauaji ya mwanamke, na muuaji aliyetoroka. Hapo ndipo ninapouona mpaka. Kunyamaza kuhusu Kijiti kungemfaa muuaji. Tukinyamaza kuhusu mapenzi ya Siti, nani anadhulumiwa?

Mwimbaji ametupa sauti; moyo hakuuweka rehani kwetu. Nasema hivyo, na ninakiri: usiku ule, baada ya mabishano, nilifungua simu. Sikutafuta wimbo hata mmoja wa Callas. Nilitafuta picha zake na Onassis.