Maji ya Jirani: Hisani au Haki?

Mtu wa Mombasa afunguapo mfereji asubuhi akajaza ndoo yake, ni nadra kujiuliza maji yale yatoka kwa nani. Kisiwa chetu hakina mto wa maji matamu, na vingi katika visima vyake vina chumvi. Tunywayo ni ya majirani: Mzima iliyo Taita Taveta, ambayo bomba lake la zaidi ya kilomita 200 lilikamilika mwaka 1957, Baricho, ukingoni mwa mto Sabaki, katika Kilifi, na Marere, katika milima ya Shimba huko Kwale.

Zamani mwenye amri alikuwa mmoja, naye akikaa Nairobi. Lakini tangu mwaka 2013, zilipoanza kazi kaunti 47 za Katiba ya 2010, kila upande una gavana wake, baraza lake na hazina yake. Hapo lazuka suali: Taita Taveta iwapapo maji watu wa Mombasa, je, yatenda hisani, au yatimiza haki?

Wako wasemao kuwa maji ni ya wote, na mvua hainyeshi kwa kufuata ramani. Neno hili ni kweli, walakini mara nyingi husemwa na mnywaji, si na aliye karibu na chemchemi. Bomba la Mzima lapita katika nchi kavu, na watu wa huko wamelalamika miaka mingi kwamba maji yawapita mlangoni ilhali wao wateka mbali. Ukimwambia mtu huyo kuwa maji ni ya wote, atakuuliza: na mimi je, si katika hao wote?

Wanazuoni wetu wa fiqhi waliliamua jambo hili katika maji ya bonde. Wa juu hunywesha kwanza kwa kadiri ya haja yake, kisha huyaachilia yamfikie wa chini. Wa juu hakunyimwa utangulizi wake, wala wa chini hakuachiwa huruma ya mwenziwe. Basi, kwa rai yangu, kiu ya Voi yatangulia bustani za Nyali. Lakini kiu ya Mombasa nayo haifungiwi bomba.

Na haki ya kunywa haiondoi wajibu wa kulipa. Pampu za Baricho huendeshwa kwa umeme. Deni likilimbikizwa hata umeme ukakatwa, hukauka mifereji ya Malindi na ya Mombasa pamoja, na aliyelipa huona kiu sawasawa na asiyelipa.

Chombo cha kusikilizana kipo. Kifungu cha 189 cha Katiba chaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja, na kaunti sita za Pwani zina jumuiya yao. Nami ningependa jumuiya hiyo ipimwe kwa mkataba, si kwa hotuba: yabaki maji kiasi gani kwa wenye chemchemi, nani alipe na siku gani, na ukame ukija, nani apunguziwe kwanza.