Jibu Litabadilisha Nini?

Mjomba wangu ana farasi mmoja. Ukisema hivyo watu hudhani tuna boma kubwa kule Karen. Hatuna. Jemedari alikimbia mashindano ya Ngong akiwa kijana, hakuleta ushindi, akauzwa, akauzwa tena, mwishowe akamfikia mjomba aliyekuwa saisi wa mwenye farasi. Alidai mshahara wa miezi kadhaa, akalipwa kwa farasi. Basi wikendi na sikukuu tunampeleka uwanjani hapa Nakuru. Watoto wanapanda, tunawazungusha mara mbili, wanapigwa picha. Shilingi 100 kila mmoja. Hizo ndizo zinazolipa kodi ya nyumba.

Mwezi wa tatu nikaona anaburura mguu wa nyuma wa kushoto. Si kila siku. Leo anaburura, kesho yuko sawa kabisa. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe. Ila ncha ya kwato ilikuwa imesagika upande wa mbele, kama soli ya kiatu cha mtu asiyeinua miguu.

"Ni uzee," mjomba akasema. "Hata mimi nikiamka asubuhi natembea hivyo."

Nikamwambia tuite daktari wa mifugo. Akaniangalia kidogo. "Na akishatuambia, tutafanya nini? Utalipa wewe?"

Wakati huo niliona ni ukatili. Kwangu ilikuwa wazi: mnyama ana shida, lazima tujue ni nini. Lakini nimelifikiria swali lake tangu hapo, na sasa naona lilikuwa swali zuri. Aliliuliza tu ili asilijibu.

Shida ya mguu wa nyuma wa farasi inaweza kuanzia popote. Inaweza kuwa usaha ndani ya kwato. Inaweza kuwa goti, kwa sababu farasi ana namna ya kufunga goti lake la nyuma ili asinzie akiwa amesimama, na wakati mwingine goti hilo hufunga lisipotakiwa kufunga. Inaweza kuwa nyonga au mgongo. Inaweza hata kuwa shingo: mifupa ya shingo ikibana uti wa mgongo, miguu ya nyuma ndiyo huyumba kwanza. Ukitaka kutafuta mpaka mwisho, kuna sindano za ganzi kila kiungo na picha za eksirei, na vipimo vingine vinahitaji alazwe kabisa kwa dawa. Kumlaza farasi si mchezo. Wapo wanaovunjika miguu wakijaribu kuamka.

Kwa hiyo mjomba hakuwa amekosea kabisa. Kuna uchunguzi ambao ni wa mgonjwa, na kuna uchunguzi ambao ni wetu sisi, tusioweza kulala bila jina la ugonjwa. Mimi ni mmoja wao. Nilitaka kujua, na nilikuwa tayari Jemedari alipe kwa maumivu ili mimi nitulie.

Hili ningepaswa kulijua mapema. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kila mtu alitaka sababu. Mama, majirani, hata kinyozi. Nikasema ni karo. Karo ilikuwa jibu zuri, maana hakuna anayeuliza swali lingine baada ya hapo. Ukweli ni kwamba karo ilikuwepo. Niliacha tu kuamka kwenda darasani, na mpaka leo sijui kwa nini. Nilichohitaji wakati ule ni mtu wa kuniambia nipumzike, hata kama hakuna anayejua ninaumwa wapi. Sikumpata.

Lakini kuna upande wa pili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Farasi ni mficha maradhi wa kuzaliwa. Porini anayeonyesha kuchechemea ndiye anayeliwa. Lakini hapa kwetu aliyekuwa anaficha zaidi si yeye. Tulikuwa sisi. Tukijua Jemedari ana udhaifu, hatuwezi tena kumpandisha mtoto wa mtu mgongoni kwa roho safi. Tusipojua, shilingi 100 zinaendelea kuingia. Huo si ujinga wa kawaida. Mtu asiyejua kwa sababu hakuwa na njia ya kujua, simlaumu. Mtu asiyejua kwa sababu kutojua kunamlipa kodi, huyo tayari anajua kiasi cha kutosha kulaumiwa.

Nilimwambia mjomba hivyo, kwa maneno makali kuliko haya. Hakunijibu. Jumatatu akamwita daktari mwenyewe.

Daktari alitutoza pesa ya kuja tu. Alibana kwato kwa koleo, hakuna maumivu. Akamzungusha kwenye duara dogo. Mguu wa kushoto ukachanuka nje, mara mbili ukakanyaga mwenzake. Kisha akatembea naye huku akimvuta mkia pembeni. Farasi mzima hukaza mwili, humvuti. Jemedari alivutika kama mlevi.

"Hii si ya kiungo," akasema. "Ni mishipa ya fahamu, pengine shingoni. Naweza kutafuta zaidi. Lakini kwanza niambieni, jibu litabadilisha nini?"

Mjomba akaniangalia. Lilikuwa swali lake lile lile, ila sasa lilikuwa limeulizwa na mtu aliyetaka jibu.

Tukakaa chini ya mti, tukajibu. Kwamba asibebe mtu tena, hilo halikuhitaji eksirei. Mkia ulikuwa umeshasema. Mnyama anayeyumba anaweza kuanguka, na mtoto akiwa juu, basi. Upasuaji hatungeuweza hata tungeuza nyumba, na nyumba yenyewe si yetu. Picha ya shingo ingetupa jina la ugonjwa na deni, wala isingebadilisha kesho yake. Tukaishia hapo. Tulikubaliana jambo moja zaidi: akianza kuanguka, au akishindwa kuinuka, tutamwita daktari kwa mara ya mwisho, na hatutabishana.

Sina hakika tulifanya sawa. Pengine ni goti baya na shingo dogo, pengine kuna dawa rahisi ambayo picha ingeonyesha. Nalifikiria hilo usiku. Lakini naamini mpangilio: wajibu wa kwanza ni kumtua mzigo, na huo haungoji sababu. Wajibu wa kujua unakuja wa pili, na unafika pale ambapo jibu linaweza kumsaidia anayeumwa. Zaidi ya hapo ni udadisi, na kabla ya hapo ni woga.

Mjomba siku hizi anaosha magari wikendi. Kodi ya mwezi jana tulichelewa. Jemedari anakula nyasi nyuma ya nyumba, akiburura mguu wake, na watoto wa jirani wanauliza kwa nini hawapandi tena.

Tunawaambia amechoka. Inatosha.