Kanta ni Uongo wa Nani?

Vinyozi wa Kakuyuni hulijibu kila siku, kwa mikono, swali ambalo wanafalsafa wamelizungusha kwa midomo karne nyingi: ukimfanya mtu aonekane vile asivyo, umedanganya? Wao hawalisemi hivyo. Huuliza tu, "Nikuweke vipi leo?" Na mwanamume mwenye nywele chache, kama mimi, anajua kwamba jibu lake lina sehemu mbili, ile anayoitamka na ile anayoionea haya.

Nianze na la kwangu kwa kuwa ndilo jepesi. Utosini nywele zimechujuka. Hazijaisha, lakini jua la saa saba likipiga, ngozi yang'aa pale katikati kama sahani. Kinyozi wangu ni kijana ambaye hajafika miaka 25, na ana ufundi wake wa kunisitiri. Kwanza hukata pembeni zikawa fupi kabisa, kisha hupandisha mashine polepole hadi juu, ambako haachi nyingi wala hamalizi. Jicho hupima kwa kulinganisha, anasema. Pembeni pakiwa patupu, hata kidogo cha juu huonekana kingi. Ukizifuga zote umejianika mwenyewe, maana nywele nyepesi zikirefuka huachana, na kila anayepita anaona njia. Mafuta mengi pia hayataki, kwa sababu hugandanisha nywele na kuing'arisha ngozi. Mwisho, ikiwa kuna harusi au picha ya kupigwa, huchukua brashi ndogo na ile rangi nyeusi tunayoiita kanta, akaipitisha kwenye paji na pale utosini. Rangi hushika nywele na ngozi pamoja, na mpaka kati ya penye nywele na pasipo nazo unapotea. Sisi weusi tuna bahati hapo. Nusu ya kazi ishafanywa na Mungu.

(Ushauri mmoja kabla sijasahau: hizo rangi nyeusi, kanta na piko, nyingi zina kemikali ambayo watu wengine haiwapatani kabisa. Jaribu kidogo nyuma ya sikio, ungoje siku mbili. Nimeona mtu kavimba uso hadi macho yakafumba, na harusi ilikuwa yake.)

Wenzetu duniani wamehangaika kutuzidi. Suetonius, aliyeandika maisha ya watawala wa Roma, anasimulia kwamba Julius Caesar alikuwa akizichana nywele zake chache kuja mbele, na kwamba katika heshima zote alizopewa hakuna iliyomfurahisha kama ruhusa ya kuvaa taji la majani wakati wote. Mwaka wa 1977 Wamarekani wawili walipewa hataza ya serikali kwa mbinu ya kugawa nywele mafungu matatu na kuyalaza moja juu ya jingine mpaka upara ufunikwe. Yaani mtu akaenda ofisini kusajili namna ya kuchana. Dawa ya minoxidil, ambayo siku hizi vijana wa mjini wanaipaka hadi kwenye ndevu, ilianza ikiwa kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaota nywele mahali wasipozitarajia, na kufika 1988 Marekani ikaruhusu wanaume waipake kichwani.

Sasa, rafiki yangu mmoja hunitania tukiwa mangweni kwamba mimi ni mwongo wa kichwa. Nimelifikiria neno hilo kuliko alivyokusudia. Uongo, nionavyo, hauhitaji tu kitu kisicho kweli. Wahitaji pia mtu mwenye haki ya kukitegemea kitu hicho. Utosi wangu haukumuahidi mtu yeyote chochote. Hakuna aliyeniuzia mbuzi kwa kutegemea wingi wa nywele zangu, wala aliyeniazima pesa. Lakini ibadilishe kesi kidogo: mwanamume wa miaka 60 apake kanta, aende akapose, na aache wakwe waamini ana 40. Hapo kuna mtu anayefanya uamuzi wa maisha yake kwa kukisoma kile kichwa, na kichwa kimepangwa ili asome vibaya. Rangi ni ileile, brashi ni ileile. Kilichobadilika ni yule anayetazama na anachotaka kufanya na alichokiona.

Nilidhani hapo nimeshalimaliza swali, hadi siku moja nikiwa nangoja zamu akaingia mzee kutoka ndani huko, akakaa kitini, akavua kofia. Mvi tupu, kichwa kizima.

"Nipake zote," akasema. "Na ndevu."

"Kha, tsawe! Wataka kuoa nini?" kijana akauliza, na sote tukacheka.

Mzee hakucheka. "Nataka kulala," akasema.

Msomaji wa pwani ameshaelewa. Wa kwingine nimweleze. Katika kaunti yetu ya Kilifi, kuanzia Ganze hadi Magarini, Kaloleni na huku kwetu Malindi, wazee wamekuwa wakiuawa kwa miaka mingi, kwa panga mara nyingi, na usiku, baada ya kuitwa wachawi. Mtoto ameugua, biashara imekufa, kijana amepata ajali ya bodaboda, basi jina la mzee fulani linaanza kuzunguka. Ushahidi? Mvi. Wazee wamesema hadharani, tena na tena, kwamba wanapaka nywele rangi ili wasionekane. Wengine wamehama makwao kabisa. Kaya Godoma, huko Ganze, imekuwa makimbilio ya wazee waliotuhumiwa, watu wenye mashamba yao, wake na wajukuu, wanaishi kama wakimbizi kilomita chache tu kutoka miji yao wenyewe.

Sheria ipo. Ni ya mwaka 1925, ya mkoloni, na ndani yake kumtangaza mwenzio kuwa mchawi, mbali na kumripoti kwa wakuu wa serikali, ni kosa. Lakini nani atamshtaki mtu kwa mnong'ono?

Nirudi kwa kanta. Kwa kipimo changu cha mwanzo, yule mzee yuko karibu na bwana harusi mdanganyifu kuliko alivyo karibu nami. Kuna watu wanaokisoma kichwa chake, na wanataka kufanya jambo kubwa kwa walichokisoma. Yeye amekaa kitini makusudi ili wasome vibaya. Je, kadanganya?

Hebu tuutazame huo usomaji wenyewe. Nywele huwa nyeupe kwa sababu chembe zinazotia rangi kwenye shina lake huchoka na kuacha kazi. Basi. Mvi inasema mtu huyu ameishi, haina habari nyingine. Kule Usukumani, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa miaka na miaka kwa ajili ya macho mekundu, na macho yale yamewekundika kwa moshi wa jiko, kwa kuwapikia watu haohao. Aliyesoma uchawi kwenye jicho la moshi amejitungia mwenyewe. Kwa hiyo uongo ulikuwa umeshaingia kichwani mwa mtazamaji kabla brashi haijaguswa. Mzee hakuongeza uongo wa pili. Amemnyang'anya msomaji mbaya karatasi yake.

Wanazuoni wa Kiislamu walilijua swali hili zamani. Siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 630, baba yake Abu Bakr, Abu Quhafa, aliletwa mbele ya Mtume, nywele na ndevu nyeupe pe. Mtume akaagiza weupe ule ubadilishwe, ila waepuke rangi nyeusi. Kuanzia hapo wanazuoni wamevutana: wapo waliouharamisha weusi, wapo walioona ni karaha tu, na sababu inayotajwa mara nyingi ni udanganyifu, hasa kwenye ndoa. Lakini wengi wao walitoa ruhusa sehemu moja, nayo ni vitani, ili adui aone mbele yake majeshi ya vijana. Nimeuwaza sana msamaha huo. Aliyeutoa alimfikiria adui ng'ambo ya uwanja, upanga mkononi, bendera yake ikijulikana. Hakumfikiria mpwa anayelala nyumba ya tatu, anayekuja asubuhi kukuamkia.

Na sisi Wagiriama tulikuwa na namna nyingine ya kukisoma kichwa cheupe. Mzee wa Gohu akifa, ilipasa achongewe kigango, mti wa kusimamishwa ili aendelee kukaa na watu wake. Vigango hivyo vikaja kuibwa na kuuzwa, vingine vikafika hadi makumbusho ya Marekani. Viwili vya familia moja vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa 2007 baada ya kutafutwa sana. Watu wakashangilia, na ilistahili. Tumejua kusafiri bahari nzima kuurudisha mti wa mzee aliyekufa.

Kuna jambo moja kuhusu kanta linalonisumbua, na sitaki kulipita. Mzee wa kitini alikuwa na shilingi za kulipa na nauli ya kumleta stejini. Yuko asiye nazo. Kila kichwa kinachotiwa rangi kinapunguza vichwa vyeupe kijijini, na vinavyobaki vinaonekana zaidi. Wakiwa kumi wote wana mvi, mvi ni umri. Tisa wakipaka, yule wa kumi amekuwa alama. Hivyo kinga ya mmoja inamsogeza mwingine mbele kidogo, bila nia mbaya ya mtu yeyote. Nimesikia mtu akisema kwamba kwa ajili hiyo wazee wangekataa kanta wote kwa pamoja, watembee na mvi zao mchana kweupe mpaka jamii ione aibu. Maneno mazuri, na msemaji alikuwa na miaka 30. Huwezi kumdai mtu ayaweke maisha yake rehani ili wengine wapate somo. Ushujaa ni wa kujitolea, hauchangishwi kama pesa za matanga.

Basi nikafikiri, labda deni ni letu sisi ambao mvi hazitugharimu kitu. Mimi ninazo kidogo juu ya masikio, na kijana huzipitishia rangi pamoja na utosi bila kuuliza. Waziri, padri, imamu, mwalimu mkuu, mwenye duka Malindi mjini, sote tukiziacha, weupe utazoeleka. Wazo hili lilinipendeza kwa wiki nzima. Kisha nikaona kasoro yake. Wauaji hawahesabu mvi, wanahesabu ekari. Ukifuatilia habari za wazee hawa, mara nyingi hukosi shamba ambalo baba hataki liuzwe, na kijana ambaye ameshapata mnunuzi. Mvi ni kisingizio kilicho karibu. Ukikiondoa, kitatafutwa kingine, macho, mkongojo, kuzungumza peke yake. Mzee aliyepakwa kanta bado ana shamba lake, na mwanawe anajua umri wake vizuri sana.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu akiuliza kama kanta ni dhambi, namuuliza kwanza shamba limeandikwa jina la nani, na kama mzee ameketi na wanawe wote, wa kike na wa kiume, mbele ya chifu, akasema nani atapata nini na lini. Hilo ni gumu kuliko brashi. Wazee wengi wenyewe hawalitaki, wanaona kugawa mali ungali hai ni kujichimbia kaburi, na wakati mwingine wako sahihi. Yupo aliyegawa na akaachwa na njaa. Sina dawa ya hapo. Nasema tu kwamba mazungumzo hayo, yanapofanyika kweupe na mashahidi wakiwepo, humwondolea mnong'ono faida yake.

Hadi hapo, kanta. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo wiki ya tatu weupe huanza kuchungulia mashinani, mstari mwembamba kuzunguka kichwa chote, na mstari ule ni mbaya kuliko mvi zenyewe, kwa sababu sasa unasema kwamba mtu huyu anaficha. Mzee hurudi kabla ya hapo. Kijana hamtanii tena. Humpaka taratibu, nyusi pia, jambo ambalo mimi nisingelikumbuka, na humwekea unga kidogo kwenye karatasi aende nao nyumbani, pengine nauli isipopatikana.

Nilimuuliza mzee kama unga huo ni wa kutumia na mkewe.

"Yeye ana leso," akanijibu.