Hiari Chini ya Korongo

Jumamosi alfajiri, matatu za kukodi hupakia vijana katikati ya jiji la Nairobi, zikapita Westlands, Kangemi na Uthiru, zikashika njia ya Naivasha. Ziendako ni Hell's Gate, mbuga iliyo kama kilomita 90 kutoka jijini, ambako korongo la Ol Njorowa lilichimbwa na maji ya ziwa la kale. Huko vijana watashuka kwa kamba, watachubuka magoti kwenye mwamba uliolainishwa na maji, na yote hayo wameyalipia. Saa hizo hizo kibarua wa Kawangware anakwenda Industrial Area kwa miguu kwa kukosa nauli, na hakuna anayemsifu kwa ushupavu. Tutaambiwa tofauti yao ni hiari: huyu amependa, yule amelazimika. Ni kweli, lakini hiari isiyojua inachokubali ina thamani gani?

Korongo lenyewe linatusaidia kulipima swali hilo. Mvua ikinyesha kwenye miinuko, maji hukusanyika na kubanwa kati ya kuta nyembamba, yakamfikia mtu aliye chini ambaye juu yake huenda haoni ila utepe wa mbingu safi. Aprili 2012 mafuriko ya namna hiyo yaliua vijana saba wa kundi moja la kanisa. Septemba 2019 yakaua watu saba wengine, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likalifunga korongo wakati huo. Aliyeshuka bila kuambiwa habari za mvua ya mbali alikubali jua, jasho na michubuko, basi. Hayo maji hakuyakubali, kwa kuwa hakuyajua. Kwa hiyo onyo la mwelekezi halipunguzi uhuru wa mgeni, ndilo linaloukamilisha.

Wapo watakaosema kwamba hatari ikishaelezwa yote, raha ya safari imekwisha. Sioni hivyo. Mpanda Mlima Kenya anajua baridi itamkuta, na bado anapanda. Pingamizi lililo zito ni jingine: mwaka 2019 mwelekezi naye alikuwa miongoni mwa waliokufa, basi ujuzi umefaa nini? Naam, ujuzi si kinga. Ila lipo jambo tunalolipitia mbio. Mwelekezi anayelipwa kwa kila kundi analoshusha anaweza kuliona wingu juu ya vilima akajua maana yake, huku wageni wamekwisha kuvaa viatu na karo ya mtoto inamngoja nyumbani. Mtu huyo hana hiari ya mgeni wake. Yuko karibu zaidi na yule kibarua wa Kawangware, na hiari ya kundi zima imeegemea neno lake. (Matangazo ya safari hizi hujaa picha za wateja, mwelekezi huonekana mkono tu, ukivuta kamba.)

Hiari ya mmoja haiwezi kuwa safi ikiwa inategemea ulazima wa mwingine. Anayetaka kujivunia kwamba aliichagua hatari yake na amlipe mwelekezi ujira kamili hata siku anayosema, "Leo hatushuki."