Mwili Wenye Nguvu na Moyo Usioridhika

Wakatekumeni wapenzi wa Kasongo na Kabambare,

Mnawajua vijana wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya mpunga na madumu ya mafuta ya mawese kwenda sokoni. Mabega yao ni mapana na mikono yao migumu, wala hakuna aliyewafundisha kutunisha misuli: kazi ndiyo iliyowajenga. Jioni, mzigo ukiisha kushushwa, hunawa, hula, hulala. Mzigo umefika, na moyo umetulia.

Mijini wako vijana wengine, wanaoinua vyuma ili mwili wenyewe upendeze macho. Asiye na fedha hujaza saruji katika makopo mawili, akayaunganisha kwa bomba la chuma. Mazoezi hayo si dhambi. Mwili ni kazi ya Mungu, na Mtakatifu Paulo atufundisha kwamba ni hekalu la Roho Mtakatifu. Autunzaye afanya vema. Lakini leo twauliza: je, mtu huyo hufikia siku ya kusema, "Sasa yatosha"?

Mwaka 1993 madaktari wa Marekani walitoa habari za wanaume 108 watunishao misuli, ambao waliwachunguza. Tisa kati yao walikuwa wakubwa wa mwili, wenye nguvu nyingi, lakini walijiona wadogo na dhaifu. Hata wakati wa joto kali walijificha ndani ya nguo nzito, wakiogopa kuonekana. Si wote walio hivyo. Lakini tazameni ajabu hii, jitu linaona haya kwa kuwa dogo! Na asiyeridhika hujaribiwa kujichoma sindano za dawa za kukuza misuli, ambazo huweza kudhuru moyo na ini, na hata kumnyima mtu uzazi.

Sikilizeni tena habari ya Ronnie Coleman, Mmarekani. Alishinda shindano kuu la watunisha misuli, liitwalo Mr. Olympia, mara nane mfululizo, tangu mwaka 1998 hata 2005. Baadaye alipasuliwa mgongo na nyonga mara nyingi, hata kutembea kukawa shida. Katika filamu ya maisha yake, iliyotoka mwaka 2018, alieleza majuto yake: siku alipochuchumaa na kuinuka akiwa na kilo zipatazo 360 mabegani, alifanya hivyo mara mbili tu, naye alijua kwamba angaliweza mara nne. Hatumhukumu ndugu huyu, kwani alifanya kazi kwa bidii kubwa. Ila tujifunze: aliwashinda wote, na bado moyo wake unadai mara mbili zilizobaki.

Sababu yake ni nini? Kwanza, kioo hakimwambii mtu "umemaliza". Humwonyesha tu palipopungua. Pili, kila penye mkubwa yuko mkubwa kuliko yeye. Tatu, misuli ni kama shamba: ukiacha kulima, majani hurudi, na uzee huja hata kwa mwenye kulima kila siku. Basi, awekaye furaha yake yote katika kitu kinachopungua, atapataje kushiba?

Nabii Samweli naye alipofika nyumbani kwa Yese alipendezwa na kimo cha Eliabu, lakini Mungu akamwonya kwamba Yeye hutazama moyo.

Nanyi mnajiandaa kwa Ubatizo. Mtapakwa kifuani mafuta ya wakatekumeni, kama vile wanamieleka wa kale walivyojipaka mafuta kabla ya kushindana. Kanisa halidharau kifua chenye nguvu. Lakini lakitia mafuta kwa ajili ya kushindana na uovu, si kwa ajili ya kutazamwa. Kwa hiyo wewe kijana uliyejaliwa nguvu, wiki hii mpasulie kuni mjane aliye jirani yako, na mgonjwa asiyeweza kutembea umbebe hadi zahanati. Kisha usiku chunguza moyo wako, uone kama haukutulia.

Swali: Je, mwenye kutunisha misuli atenda dhambi?
Jibu: Hapana, akiutunza mwili wake kwa kiasi. Lakini akiuharibu kwa dawa, au akiufanya mungu wake, amekosa.

Swali: Moyo wake utaridhika lini?
Jibu: Siku atakapoacha kuuliza nguvu zake zaonekanaje, akaanza kuuliza zimemfaa nani.