Ni Nani Ahesabuye Siku za Mtoto Asiye na Nafasi Skuli?

Kila asubuhi mwalimu hufungua daftari la mahudhurio akaita majina. Aliyeitika huandikwa kuwa yupo, na asiyeitika huandikwa kuwa hayupo. Alama hii ya pili watu huiona ni ya aibu, lakini ina heshima yake, kwani yashuhudia kwamba palikuwa na mtu aliyengojewa. Mtoto asiye na nafasi katika skuli yoyote hapati hata alama hiyo. Hakuitwa, basi hakukosa. Siku yake imepita wala hapana kitabu kilichopungukiwa.

Jambo hili lilituingia moyoni kwa sababu ya jirani. Katika mtaa wetu alihamia bwana mmoja na mkewe na watoto wao, akitafuta kazi ya bandarini. Mwanawe wa pili, kijana wa miaka tisa, alipelekwa skuli iliyo karibu, akaambiwa madarasa yamejaa, na tena cheti chake cha kuzaliwa hakipo. Arudi muhula ujao. Muhula ulipofika akaambiwa yale yale. Tulipomwuliza baba yake kijana amekaa nyumbani muda gani, alijibu, "Siku chache tu, maalim." Tukaleta kalenda. Tukatoa Jumamosi na Jumapili, tukatoa likizo na sikukuu, tukahesabu zile tu ambazo wenziwe walikuwa wameketi darasani. Zikafika 84. Yule bwana alinyamaza kitambo, kisha akatuomba tumhesabie mara ya pili.

Hakuwa mzembe, wala hakuwa mwongo. Hapakuwa na mtu aliyepata kumwuliza, naye kila siku alikuwa akiingoja kesho.

Mwislamu hahitaji kufundishwa hesabu ya namna hii. Mgonjwa aliyekula katika Ramadhani hujua amekula siku ngapi, na asiyekumbuka hukadiria mpaka moyo wake ukatua. Hatujapata kumwona anayesema, "Nalikula siku kidogo," akaridhika na kauli hiyo. Walakini hapa pana tofauti, na ndiyo iliyotushughulisha katika darsa yetu kwa wiki mbili: aliyekosa funga ndiye mwenye deni, lakini mtoto huyu amekosa siku 84 naye ndiye anayedai. Je, anamdai nani?

Sheria za nchi zimejibu, ila si kwa ukamilifu. Katiba ya 2010 yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya lazima na bila malipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 humwadhibu mzazi asiyempeleka mwanawe skuli, na humtaka mwalimu mkuu achunguze mwanafunzi anapokosa kuhudhuria. Yote mawili ni mema. Lakini tazama pengo lililo baina yake. Mzazi huyu alimpeleka mwanawe. Mwalimu mkuu naye hana wa kumchunguza, kwa kuwa kijana si mwanafunzi wake. Kila mmoja aweza kulala usingizi mwema, na kijana yuko barazani auza kashata.

Wako wasemao kwamba siku zilizopita hazihesabiki, wala hazilipiki. Hao twawakumbusha mwaka 2020. Skuli zote za Kenya zilifungwa katikati ya mwezi wa Machi kwa ajili ya maradhi ya korona, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote mpaka Januari 2021. Nani hakuhesabu siku hizo? Zilitajwa misikitini, sokoni na katika redio. Kisha serikali ikafupisha mihula na likizo, ikaendelea hivyo mpaka kalenda ya kawaida iliporudi Januari 2023. Hiyo ilikuwa kadha, tena kadha ya taifa zima. Basi yamkini kuhesabu, na yamkini kulipa, madhali hasara imewafikia watoto wa wakubwa na wadogo pamoja. Mtoto asiye na dawati kabla ya 2020 hakuwekewa muhula wa kumfidia.

Pwani yetu ina jambo zito zaidi katika mlango huu. Wamakonde wa Kwale walipata utambulisho wa uraia kati ya 2016 na 2017, na Wapemba wa Kwale na Kilifi mwaka 2023, baada ya kuishi miongoni mwetu vizazi na vizazi, wakivua samaki tuliowala. Kukosa karatasi kuliwafungia watoto wao milango mingi, na ya skuli mmojawapo. Karatasi ya uraia imemwondolea mtu ugeni. Siku za darasa zilizopita kabla yake haizitaji.

Mzee mmoja katika darsa alitupinga. Alisema, "Kuhesabu hakumpi mtoto dawati." Ni kweli, nasi hatukuwa na jawabu usiku ule. Lakini baba wa yule kijana alirudi skuli ile ile kwa mara ya tatu, na safari hii hakusema mwanawe "hana skuli". Alisema amekosa siku 84, na mkononi alikuwa na orodha yake. Kijana alipewa nafasi wiki ile, huku cheti kikitafutwa. Pengine nafasi ilikuwa imepatikana tu. Hatutaki kudai tusichokijua.

Wala tusiwalaumu wenye skuli peke yao. Tulifungua daftari la chuo chetu wenyewe cha Qur'ani. Tukakuta majina kumi na moja yaliyopigwa mstari kwa sababu wenyewe wameacha kuja, na hakuna aliyekwenda kubisha hodi kwao. Mstari mmoja, na hesabu ikasimama.

Tangu mwezi huu tumeweka daftari la mtaa. Huandikwa humo siku ambayo mzazi alibisha mlango wa skuli kwanza, kisha siku za masomo zinazopita mpaka mtoto aketi. Halitapelekwa kwa chifu wala kwa mtu yeyote bila idhini ya mzazi, maana maskini akiogopa kushitakiwa atamficha mwanawe, na hapo tutakuwa tumezidisha giza. Limewekwa kwa katibu wa darsa, na lafunguliwa kila Alkhamisi baada ya Magharibi. Hadi tuandikapo haya lina watoto saba.